Nyenzo za bure kwa walimu wa chekechea na walezi wa deikea: zipo wapi, na uzitumieje zisikae tu kwenye simu

Siku moja simu yangu iligoma kupiga picha, imejaa. Nikaingia kwenye mafaili kufuta futa, nikakuta PDF za malezi ya watoto hata sijui nilizitoa wapi, nyingine nimepakua mara tatu kwa majina tofauti, na zaidi ya nusu sijawahi kuzifungua. Na wakati huo huo darasani kwangu watoto wa miaka miwili walikuwa wanang'atana kila siku ya Mungu na sikuwa na jibu la kumpa mzazi.

Kwa hiyo sitakupa orodha ya linki mia, maana naamini unazo tayari kwenye magrupu. Nitakupa chache ambazo nimezishika mwenyewe, kwa mpangilio ninaoufuata, na muhimu zaidi namna ya kuzitumia ukiwa na watoto kumi wanalia na hujapata hata muda wa kwenda chooni.

HATUA YA 1: Andika tatizo kabla hujagusa gugo

Hapa ndo wengi tunakosea. Tunatafuta "mbinu za nidhamu kwa watoto" tunaletewa dunia nzima, tunapakua vyote. Andika kitu kidogo kabisa chenye mtoto, saa na mahali. Sio "watoto wangu wana fujo" ila "huyu mtoto anang'ata wenzake, lini na wapi?"

Ukishaandika hivyo utagundua huna majibu ya swali lako mwenyewe, na nyenzo ya kwanza unayohitaji ni daftari. Piga mistari upate safu tatu: kabla, kilichotokea, baada. Kwenye "kabla" unaandika nani alikuwa karibu, watoto walikuwa wanafanya nini, na wewe ulikuwa wapi (kuwa mkweli hapo!). Kwenye "kilichotokea" unaandika ulichokiona tu, yaani "amemng'ata mwenzake mkono wa kulia", usiandike "amekuwa mkorofi". Kwenye "baada" unaandika wewe ulifanya nini na mtoto alipata nini. Fanya wiki moja.

Mimi nilivyofanya hivo, karibu mara zote kuumana kulitokea sehemu moja, kwenye foleni ya kunawa mikono kabla ya kula. Watoto wana njaa, wamebanana, wanasubiri, na mimi niko kwenye bomba nimewapa mgongo. Mtoto wa miaka miwili hana maneno ya kusema "nisogezee mguu" ila meno anayo. Tukaacha foleni, wakawa wanaenda watatu watatu na wengine wanabaki wamekaa wanaimba na mwenzangu. Kung'atana hakukuisha siku ile ile lakini kulipungua mpaka mzazi mmoja akauliza tumewafanya nini. Sasa hebu fikiria ningefuata PDF mojawapo kati ya zile za kwenye simu, inayosema umkalishe mtoto pembeni peke yake, ningemuadhibu kwa kosa la ratiba yangu.

HATUA YA 2: Shika msingi mmoja wa kukupimia kila kitu

Kuna mfumo unaitwa Nurturing Care Framework, ulizinduliwa 2018 na WHO (Shirika la Afya Duniani), UNICEF (shirika la watoto la Umoja wa Mataifa) na Benki ya Dunia wakishirikiana na wadau wengine. Unapatikana bure mtandaoni. Ni mrefu na sehemu kubwa inaongea na serikali, hiyo ruka. Unachotaka humo ni mambo matano ambayo mtoto mdogo anahitaji kwa pamoja: afya njema, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, usalama na ulinzi, na fursa za kujifunza mapema. Yaandike kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango wa kabati. Kila ukiletewa kitu kipya, programu, mbinu, kifaa, jiulize kinagusa lipi kati ya hayo matano na kinabomoa lipi. Darasa linalofundisha herufi kuanzia asubuhi mpaka mchana huku mtoto anaogopa kumwangalia mwalimu usoni limeshika moja limeangusha jingine.

Katika hayo matano linalosahaulika ni malezi yenye mwitikio, labda kwa sababu halinunuliki. Kituo cha makuzi ya mtoto cha Chuo Kikuu cha Harvard kina maelezo na vidio fupi za bure kuhusu hili, wao wanalifananisha na kurushiana mpira: mtoto anarusha, wewe unarudisha. Wameligawa hatua tano na nitakuonyesha kwa mfano wa kubadilisha nepi manake ndo kazi tunayoifanya kwa haraka kuliko zote.

Mtoto wa miezi minane amelala chali, wewe una haraka. Anageuza macho anaangalia taa. Huo ni mpira karusha. Kwanza, uone, yaani ufuate macho yake. Pili, umrudishie, tabasamu au "eeh, umeona!" Tatu, kitaje: "taa, taa inawaka." Nne, sasa nyamaza usubiri, na hapa ndo pagumu, sisi watu wazima tunapenda kujaza kimya, hesabu moja mpaka tano kichwani mpaka arushe tena, atatoa sauti au atarusha miguu. Tano, akigeuza macho kwingine au akianza kukunja uso, kamaliza, mfuate kwenye anachotaka sasa hivi au mwache apumzike. Yote hiyo haijakuongezea hata dakika moja, nepi umefunga, mtoto kaongea na mtu. Zidisha kwa idadi ya nepi kwa siku.

HATUA YA 3: Makuzi ya mtoto, fuatilia bila kumtisha mtu

CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ina orodha za hatua za makuzi kuanzia miezi 2 mpaka miaka 5, bure, za kuprinti na pia kama app ya simu. Mwaka 2022 walizipitia upya na sasa kila kitu kilichowekwa kwenye umri fulani ni kile ambacho asilimia 75 au zaidi ya watoto wanatarajiwa kuwa wameshakiweza kufikia umri huo. Maana yake kwako: mtoto akikosa kitu pale sio wa "tusubiri tu atakua", inabidi mtu amwangalie. Lakini pia sio mtihani na sio ugonjwa. Wewe sio daktari, hata ukiwa na miaka ishirini kazini.

Ili usipaniki, kumbuka watoto wanatofautiana sana. Utafiti wa WHO uliotoka 2006 uliofuatilia watoto wa nchi kadhaa ulikuta kutembea bila kushika kitu kunaanza popote kati ya miezi 8.2 na 17.6 hivi. Hiyo ni tofauti ya miezi tisa na wote wazima! Kwa hiyo yule wa miezi 14 anayetambaa bado, mwache atambae, we muwekee vitu imara vya kujishikilia asimame.

Ila kuna mambo mawili ya kukaa nayo kichwani. Mtoto aliyezaliwa njiti anahesabiwa umri kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, kwa kawaida mpaka afike miaka miwili, la sivyo utamuona amechelewa kumbe hajachelewa. Na mtoto ambaye alikuwa anaweza kitu akaacha, mfano alikuwa anasema maneno sasa hasemi, huyo hasubiri mwezi ujao, mwambie mzazi wiki hiyo hiyo ampeleke hospitali.

Kumwambia mzazi nako kuna namna yake. Usimwambie mlangoni mbele ya wenzake, na usianze na jina la tatizo. Mimi huwa nasema hivi: "Mama, karibu ukae kidogo. Mwanetu anapenda sana kupanga vitu, juzi kapanga viatu vya darasa zima. Kuna kitu nimekiona nataka unisaidie, nikimwita jina mara nyingi hageuki, nyumbani inakuwaje?" Alafu unamsikiliza. Mara nyingi mzazi ameshaona, anaogopa tu kulisema la kwanza yeye. Unampa karatasi yenye tarehe na ulichokiona aende nayo kwa daktari, iwe ni ulichokiona tu bila kukisia ugonjwa. Daktari ana dakika chache na mtoto, wewe unakaa naye siku nzima, ile karatasi yako ina thamani kuliko unavyodhani.

HATUA YA 4: Usalama, hapa hakuna ubunifu

Kwanza kabisa sheria ya nchi yako kuhusu vituo vya watoto, tafuta nakala yake hata kama inachosha, maana hiyo ndo utakayoulizwa siku ya ukaguzi. Baada ya hapo kama unataka kipimo cha kujilinganisha kuna Caring for Our Children, viwango vya afya na usalama vya Marekani, inasomeka bure mtandaoni. Kwa kituo wanashauri mlezi mmoja kwa watoto 3 wasiozidi miezi 12, mmoja kwa 4 kuanzia miezi 13 mpaka 35, mmoja kwa 7 wa miaka mitatu, na mmoja kwa 8 wa miaka minne na mitano. Najua, najua, umecheka. Wengi wetu hatuko hata karibu na hapo. Lakini ni vizuri ujue unapungukiwa kiasi gani ili ukienda kuomba msaidizi uende na namba, sio manung'uniko.

Kulala. Mtoto chini ya mwaka mmoja anawekwa chali, kila mara, usingizi wa mchana pia, kwenye godoro gumu lililolala sawa, bila mto, bila mdoli, bila blanketi. Akija amelala kwenye kiti cha gari mtoe umlaze. Bibi yake anaweza kukwambia alimlea baba yake kifudifudi na hakuna kilichotokea, msikilize kwa heshima alafu umlaze chali.

Kukabwa na kitu kooni. Hapa kuna kifaa cha bure kipo kila nyumba, lile roli la kadibodi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha. Chukua kila kitu kwenye kapu la michezo la watoto walio chini ya miaka mitatu, kipitishe. Kikipita au kikiingia kizima ndani ya roli, kinatoka darasani. Mimi siku ya kwanza nilitoa vitu karibu nijaze ndoo, vifungo, kofia za kalamu, gurudumu la gari lililong'oka, na betri moja bapa ya rimoti ambayo mpaka leo sijui iliingiaje. Hizo betri bapa ziogope kuliko vyote, mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili tu, ukishuku tu ni hospitali moja kwa moja, usisubiri dalili.

Huduma ya kwanza usijifunze kwa vidio peke yake. Vidio inakukumbusha, haikufundishi mkono. Tafuta mafunzo ya ana kwa ana, vyama vya Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu vinatoa kwenye nchi nyingi, na hakikisha wanagusa mtoto mchanga, maana mchanga aliyekabwa anapigwa mgongoni na kubonyezwa kifua, habonyezwi tumbo kama mkubwa.

Na saa za mwili. Mwongozo wa WHO wa 2019 unasema watoto wa mwaka 1 mpaka 4 wapate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kwa siku, zikigawanywa gawanywa. Mtoto mchanga ambaye hajaanza kusogea mwenyewe akae kifudifudi akiwa macho angalau dakika 30 kwa siku, pia kwa vipande. Skrini hakuna kabisa chini ya miaka miwili, na wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja, pungufu ni bora. Wasifungwe kwenye kiti au kigari zaidi ya saa moja mfululizo. Ukiipanga ratiba yako pembeni ya namba hizo utaona mwenyewe wapi pana shida.

HATUA YA 5: Vitabu na vya kuchezea

Hapa ndo pananifurahisha. African Storybook wana hadithi za picha za bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na StoryWeaver ya Pratham Books nao hivyo hivyo kwa lugha za dunia nzima. Bloom Library nayo ni nzuri. Hadithi zao nyingi zina leseni huria, yaani unaruhusiwa kuprinti, kutafsiri hata kubadilisha, ila soma ukurasa wa mwisho uone masharti, na uache majina ya mwandishi na mchoraji pale pale.

Namna ya kuandaa: chagua hadithi yenye maneno machache kwa ukurasa, pakua ukiwa na wifi, printi kurasa kubwa upande mmoja tu, bandika mbili mbili mgongo kwa mgongo, funika kwa karatasi ya plastiki yenye gundi, toboa ufunge kwa kamba. Kama hakuna printa, chora picha kuu nne tu kwa mkono kwenye maboksi, watoto hawajali kama tembo wako anafanana na ng'ombe. Wakati wa kusoma usisome kama taarifa ya habari. Onyesha picha, uliza "nani huyu? anaenda wapi?" alafu subiri, ile ile kurusha mpira. Na wakitaka hadithi ile ile siku kumi mfululizo wasomee siku kumi, ndivyo wanavyoishika.

Kuhusu zile kazi za mikono za Pinterest nina neno. Ukikata wewe, ukabandika wewe, mtoto akaweka doti moja ya rangi, hiyo kazi ni yako, peleka kwenu uibandike kwenye friji yako. Mpe mtoto maboksi, vitambaa, mifuniko mikubwa, vijiko vya mbao, maji na mchanga, kaa chini uangalie. Utaandika vitu vingi kwenye daftari kuliko siku ya kadi za mama.

HATUA YA 6: Kozi

UNICEF wana jukwaa la Agora lenye kozi za bure, na OpenLearn ya Open University ya Uingereza wana kozi fupi za makuzi ya watoto ambazo ukimaliza unapata hati ya kushiriki bure. Hati ya kushiriki sio leseni ya ualimu, tusidanganyane, uliza mwajiri au mamlaka yako wanaitambua vipi kabla hujajitesa usiku na usiku. Nyingi ziko kwa Kiingereza, na hapo mimi na wenzangu wawili huwa tunafanya hivi, kila mmoja anasoma sehemu moja anaisimulia kwa Kiswahili kwa sauti kwenye grupu, dakika tano tu. Kama huwezi kuisimulia kwa Kiswahili hujaielewa, rudia.

Ukitaka kuona nchi nyingine wanapangaje mitaala, fungua Te Whāriki ya New Zealand, ilitoka 1996 ikapitiwa upya 2017. Jina lenyewe maana yake ni mkeka uliosukwa, kwamba kila kituo kinasuka wa kwake kwa nyuzi zile zile. Usiinakili, wewe una miyaa yako.

HATUA YA 7: Na wewe je

ILO, yaani Shirika la Kazi Duniani, walitoa mwaka 2014 miongozo ya kazi zenye staha kwa wafanyakazi wa elimu ya awali, inagusa mshahara, saa za kazi, mafunzo na muda wa kujiandaa. Haimlazimishi mwajiri, lakini kwenye kikao cha kuongelea maslahi ni tofauti kabisa ukiwa na karatasi ya Shirika la Kazi Duniani kuliko ukiwa na machozi.

Na maadili: NAEYC, chama cha Marekani cha elimu ya watoto wadogo, wana kanuni zao bure, na ya kwanza juu ya zote ni kwamba tusimdhuru mtoto, na wanasema hiyo inazishinda kanuni nyingine zote. Mimi naongeza ya kwetu ya siku hizi: picha ya mtoto haipandi stetasi bila ruhusa ya maandishi ya mzazi, na hata kama ruhusa ipo, sio akiwa analia, amechafuka au yuko nusu uchi.

HATUA YA 8: Panga, kisha futa

Tengeneza folda tano tu zenye yale majina matano ya hatua ya 2. Kila faili lipe jina la Kiswahili linaloeleweka na mwaka, mfano "usingizi_WHO_2019". Kabla hujaweka kitu humo angalia nani katoa, mwaka gani, ni kwa umri upi, na kama mwishoni kuna mtu anakuuzia kitu. Cha huduma ya kwanza na namba za dharura kiprinti kikae ukutani, maana siku mtoto amekabwa hautakuwa unatafuta chaja. Ijumaa watoto wakishaondoka kaa dakika kumi na tano na lile daftari la safu tatu, chagua swali moja la wiki ijayo, fungua faili moja tu linaloendana nalo. Na lile ambalo hujalifungua miezi mitatu lifute, ukilitaka tena utalipakua, mtandaoni halijaenda popote.